Florence Nightingale na Vidonda Vinavyozuilika: Maisha ya Mwasisi wa Uuguzi wa Kisasa

Kila mwaka ifikapo tarehe 12 Mei, wauguzi wa Tanzania huungana na wenzao kote ulimwenguni kuadhimisha Siku ya Wauguzi Duniani. Katika maadhimisho hayo huwashwa mishumaa na kurudiwa kiapo cha utumishi kinachobeba jina la Florence Nightingale, mwanamke wa Kiingereza aliyezaliwa tarehe hiyo mwaka 1820. Wengi humkumbuka kwa taa aliyoibeba usiku katika hospitali ya vita. Wachache hukumbuka kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ilihusu jambo lisilo na fahari yoyote, nalo ni kidonda: kidonda cha askari aliyepigwa risasi, kidonda cha mguu ulioungua kwa baridi kali, na kidonda kinachochimba mgongo wa mgonjwa aliyelala siku nyingi bila kugeuzwa. Kuhusu aina hiyo ya mwisho aliacha fundisho zito, kwamba mara nyingi wa kulaumiwa ni huduma aliyopewa mgonjwa kuliko maradhi aliyonayo.

Nightingale alizaliwa katika mji wa Florence nchini Italia, wakati wazazi wake, William Edward na Frances, walipokuwa katika safari ndefu ya Ulaya. Akapewa jina la mji huo. Familia ilikuwa tajiri, yenye makazi mawili nchini Uingereza: Lea Hurst katika jimbo la Derbyshire na Embley Park katika jimbo la Hampshire. Baba yake alimfundisha yeye na dada yake Parthenope elimu ambayo wasichana wa enzi hizo hawakuipata kwa urahisi, ikiwamo Kilatini, Kigiriki na historia. Florence alipenda pia hisabati, na elimu hiyo ndiyo ilikuja kumpa silaha kubwa kuliko zote maishani mwake.

Mwezi Februari 1837, akiwa na umri wa miaka 16, aliamini kwamba Mungu amemwita kumtumikia. Ilimchukua miaka kadhaa kutambua kwamba wito huo ulikuwa kuuguza wagonjwa. Mwaka 1845 aliomba ruhusa ya kwenda kujifunza katika hospitali ya mji wa Salisbury, na wazazi wake wakakataa katakata. Katazo hilo halikuwa bila sababu kwa fikra za zama zile. Hospitali zilikuwa mahali pa maskini, na wauguzi walidhaniwa kuwa wanawake wasiosoma, walevi na wenye tabia mbaya. Binti wa nyumba ya heshima hakutarajiwa hata kukaribia mlango wa wodi, sembuse kuosha usaha wa mtu asiyemjua.

Florence hakuasi, lakini hakukata tamaa. Alisoma kwa siri taarifa za hospitali za nchi mbalimbali, akakataa posa, na katika safari zake akatembelea hospitali kila alipopata nafasi. Mwaka 1851 hatimaye aliruhusiwa kukaa takribani miezi mitatu huko Kaiserswerth, Ujerumani, kando ya mto Rhine, ambako Mchungaji Theodor Fliedner alikuwa ameanzisha taasisi ya mashemasi wa kike waliohudumia wagonjwa na maskini. Huko alifunga vidonda, alishuhudia viungo vikikatwa, na alikaa na watu waliokuwa wakikata roho. Mwezi Agosti 1853 akawa msimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake katika mtaa wa Upper Harley Street, London. Baba yake, aliyekwisha kulainika, alimpa posho ya pauni 500 kwa mwaka ili asimtegemee mtu.

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani upande wa Dola ya Uturuki dhidi ya Urusi, na mapigano makali yakafanyika katika rasi ya Krimea. Baada ya vita vya mto Alma mwezi Septemba, gazeti la The Times lilieleza jinsi majeruhi wa Uingereza walivyokosa matabibu, wauguzi na hata vitambaa vya kufungia vidonda. Wananchi walikasirika. Sidney Herbert, waziri aliyehusika na masuala ya jeshi na rafiki wa Nightingale, alimwomba aongoze kundi la wauguzi kwenda huko. Tarehe 21 Oktoba 1854 aliondoka London na wanawake 38, wakiwamo masista wa Kikatoliki na wa Kianglikana pamoja na wauguzi 14 wa kulipwa.

Walifika Scutari, upande wa Asia wa Istanbul, tarehe 4 Novemba. Kambi kubwa ya askari wa Kituruki ilikuwa imegeuzwa hospitali. Majeruhi walivushwa Bahari Nyeusi kwa meli zilizojaa, na waliowasili walilazwa kwenye magodoro ya majani yaliyopangwa sakafuni katika kumbi ndefu. Chini ya jengo kulikuwa na mifereji ya majitaka iliyoziba. Mashuka yaliyokuwapo yalikuwa ya turubai, magumu kiasi kwamba askari waliokonda hadi mifupa kutokeza waliomba waachwe ndani ya mablanketi yao, kwa kuwa ngozi zao hazikuweza kustahimili mkwaruzo.

Madaktari wa jeshi hawakuwataka wanawake wale. Nightingale aliwaamuru wauguzi wake wasimguse mgonjwa hata mmoja hadi daktari atakapowaita. Wakakaa wakikunja vitambaa na kushona mito huku wagonjwa wakiugulia karibu yao. Amri hiyo iliwaumiza baadhi yao, lakini ilijenga nidhamu ambayo bila hiyo kazi nzima ingevunjika. Haikupita siku nyingi majeruhi wa vita vya Inkerman, vilivyopiganwa tarehe 5 Novemba, wakaanza kumiminika. Madaktari wakazidiwa, na wauguzi wakaitwa.

Kwa fedha za michango iliyokusanywa na wasomaji wa gazeti na fedha zake mwenyewe, Nightingale alinunua mashati, sabuni, brashi za kusugulia sakafu, vyombo vya kulia na vitambaa vya kufungia vidonda. Alikodi nyumba jirani na hospitali, akaweka matangi ya kuchemshia maji na kuwaajiri wake za askari kufua nguo. Msimu wa baridi ulipozidi, meli zilileta watu wa aina nyingine: askari waliotoka katika mahandaki ya Sevastopol wakiwa na miguu iliyoungua kwa baridi na kuoza, kuhara, na udhaifu uliowafanya washindwe hata kujigeuza. Usiku, kelele za mchana zilipotulia, alipita katika kumbi akiwa ameshika fanusi, taa ya Kituruki yenye kifuniko cha kukunjwa, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Michoro mingi ya baadaye ilimpa taa ya namna nyingine, lakini aliyoibeba ilikuwa fanusi.

Hata hivyo, historia ya Scutari si hadithi ya ushindi wa mara moja. Pamoja na mashati safi na chakula bora, vifo viliendelea kupanda katika majira yale ya baridi. Mwezi Februari 1855, kati ya kila wagonjwa 100 waliotibiwa, takribani 42 walifariki. Mwezi Machi iliwasili tume ya usafi iliyotumwa na serikali ya Uingereza, ikiongozwa na Dkt. John Sutherland akiwa na mhandisi Robert Rawlinson. Tume hiyo ilizibua mifereji ya majitaka, ikasafisha njia za maji, ikafungua madirisha na kupaka kuta chokaa. Kufikia mwezi Juni, vifo vilikuwa vimeshuka hadi takribani wawili kati ya kila 100.

Nightingale alirejea Uingereza mwezi Agosti 1856 akiwa mgonjwa, kwa homa kali iliyompata alipozuru Krimea mwaka uliotangulia. Alikwepa mapokezi ya heshima. Badala yake alikaa na William Farr, mtaalamu wa takwimu za vizazi na vifo, wakachambua kumbukumbu za vita. Matokeo yalikuwa machungu. Walioangamizwa na kipindupindu, homa na kuhara walikuwa wengi mno kuliko waliouawa na majeraha, na jengo ambalo yeye mwenyewe alifanya kazi usiku na mchana lilikuwa miongoni mwa visababishi vya vifo. Mtu mwingine angeficha hesabu hizo. Yeye alizichora katika duara lililogawanywa kwa miezi, rangi ya buluu ikionesha vifo ambavyo vingeweza kuzuiwa, akazipeleka kwa viongozi na kuzisambaza. Baadaye akawa mwanamke wa kwanza kukubaliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Takwimu cha London.

Kutoka hapo fikra yake juu ya uuguzi ilijengwa juu ya swali moja: katika mateso ya mgonjwa, ni kipi kinacholetwa na ugonjwa na ni kipi kinacholetwa na wanaomhudumia? Mwishoni mwa mwaka 1859 alichapisha kitabu kidogo kiitwacho Notes on Nursing, alichokusudia kiwasaidie wanawake wa kawaida waliouguza jamaa zao nyumbani. Mwanzoni kabisa mwa kitabu hicho aliorodhesha mambo ambayo watu huyadhania kuwa sehemu ya ugonjwa, kama vile mgonjwa kupata baridi, kuzimia, kutapika baada ya chakula, na kupata vidonda vya kulalia. Akasema kwamba kwa kawaida hayo hutokana na uuguzi.

Kauli hiyo ilikuwa nzito. Kidonda cha kulalia hutokea pale uzito wa mwili unapobana ngozi na nyama kati ya mfupa na godoro kwa muda mrefu. Damu haipiti, nyama hukosa uhai, kisha hufa. Huanza kwa alama ndogo juu ya mfupa wa kiuno, nyonga au kisigino, na kikiachwa huweza kuchimba hadi mfupani, kuingiwa na vijidudu na kumuua mgonjwa. Jasho, mkojo na mikunjo ya shuka huharakisha uharibifu. Kwa muda mrefu watu waliona kidonda hicho kuwa ishara tu kwamba mgonjwa amefika mwisho. Nightingale alikitoa huko na kukiweka mikononi mwa anayehudumia.

Maelekezo yake yalikuwa ya kawaida kabisa, na ndiyo maana yalifaa. Alionya kwamba mgonjwa aliye katika hatari ya vidonda hivyo asitandikiwe blanketi chini yake, kwa sababu hushika unyevu na kuilowesha ngozi. Alitaka kitanda kiwe chembamba na kisisukumwe ukutani, ili muuguzi aweze kumfikia mgonjwa kutoka pande zote mbili na kugusa kila sehemu ya mwili wake bila taabu. Alitaka matandiko yapigwe hewa, mablanketi yawe mepesi, ngozi ioshwe, na muuguzi anawe mikono mara kwa mara kutwa nzima. Juu ya yote alisisitiza kutazama: muuguzi asiyeona badiliko dogo leo atakutana na msiba kesho.

Si kila alichoamini kilikuwa sahihi. Wakati huo alidhani kwamba maradhi huzalishwa na hewa chafu na uvundo, na alichelewa kukubali nafasi ya vijidudu. Lakini maji safi, mikono safi na vyumba vyenye hewa viliwafaa wagonjwa hata pale maelezo ya sababu yalipokuwa na kasoro.

Mwaka 1860, kwa fedha zilizochangwa na wananchi kwa heshima yake, Shule ya Nightingale ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas, London, chini ya matroni Sarah Wardroper. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 15, na mafunzo yalichukua mwaka mmoja. Waraka wa majukumu yao ulitaja kwa majina ujuzi waliotakiwa kuwa nao. Miongoni mwake ulikuwamo ufungaji wa malengelenge, majeraha ya moto, madonda na vidonda. Kwa wagonjwa wasiojiweza, mwanafunzi alipaswa kujua kuwahamisha, kuwabadilisha nguo, kuwasafisha, kuwalisha, kuwaweka katika mkao unaofaa, na kuzuia pamoja na kutibu vidonda vya kulalia. Kazi ambayo zamani iliachwa kwa yeyote aliyekuwa karibu sasa ilikuwa somo linalofundishwa, kukaguliwa na kuandikwa katika daftari la maendeleo ya mwanafunzi.

Huduma hiyo haikubaki hospitalini. Katika mji wa Liverpool mfanyabiashara William Rathbone, aliyeona jinsi muuguzi alivyompunguzia mkewe maumivu ya siku za mwisho, alimwajiri muuguzi huyo azuru nyumba za maskini. Alipokosa wauguzi wenye mafunzo wa kutosha, alimwandikia Nightingale, na kwa ushauri wake ikaanzishwa shule mjini humo. Mwaka 1865 Agnes Jones, aliyepitia Kaiserswerth na St Thomas, alikwenda na wauguzi 12 katika hospitali ya nyumba ya maskini ya Liverpool, ambako hadi hapo wagonjwa walihudumiwa na maskini wenzao wasio na mafunzo. Alifariki kwa homa mwaka 1868 akiwa na umri wa miaka 35. Kifo chake kilimhuzunisha sana Nightingale, na mfano wake ulisukuma mageuzi katika hospitali nyingine za maskini.

Nightingale mwenyewe aliijua hali ya kulala kitandani. Tangu mwaka 1857 maradhi aliyoyatoa vitani yalimrudia mara kwa mara, yakamfunga chumbani kwa miaka mingi. Akiwa kitandani aliandika maelfu ya barua na taarifa kuhusu majengo ya hospitali, afya ya askari, na usafi wa miji na vijiji vya India. Alikuwa na msimamo mkali, na wakati mwingine aliwachosha waliofanya kazi naye. Alipinga pia usajili wa wauguzi kwa mtihani, akihofu kwamba karatasi haiwezi kupima tabia. Katika hilo historia haikumfuata: Uingereza ilipitisha sheria ya usajili mwaka 1919, na nchini Tanzania leo wauguzi na wakunga husajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania.

Mjadala kuhusu vidonda vya kulalia uliendelea akiwa hai. Katika miaka ya 1870, tabibu mashuhuri wa mishipa ya fahamu, Jean-Martin Charcot wa Paris, alifundisha kwamba vidonda vinavyowatokea haraka waliopooza husababishwa na madhara ya neva zenyewe. Mtazamo huo uliwapa wengi sababu ya kukata tamaa. Ilichukua muda hadi wauguzi wenyewe walipofanya utafiti wa kina. Mwaka 1962 muuguzi wa Uingereza Doreen Norton na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wazee waliolazwa, wakaonesha thamani ya kumgeuza mgonjwa kwa ratiba. Walitoa pia kipimo cha kutambua mapema aliye hatarini, kwa kuangalia hali ya mwili, hali ya akili, uwezo wa kutembea, uwezo wa kujigeuza, na uwezo wa kuzuia haja. Sayansi ya leo inakubali kwamba vipo vidonda vichache visivyoepukika hata kwa huduma bora, hasa mwili unapokaribia kufa. Vingi vilivyobaki huzuilika.

Kwa familia zinazomuuguza mtu nyumbani, awe amepooza, amevunjika nyonga au amedhoofu kwa uzee, mafundisho hayo yana matumizi ya kila siku. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa, mara nyingi kila baada ya saa mbili, kwa kadiri mtaalamu anavyoelekeza. Hunyanyuliwa badala ya kuburutwa, ili ngozi isichubuke. Mto huwekwa chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Shuka hunyooshwa, na aliyelowa husafishwa na kukaushwa mara moja. Hupewa maji na vyakula vya kujenga mwili kama maharage, mayai, samaki na maziwa, kwani mwili wenye njaa hauzibi kidonda. Ngozi hukaguliwa kila siku. Kwa ngozi nyeusi wekundu huweza usionekane, hivyo hutazamwa sehemu iliyozidi weusi, yenye joto, iliyokuwa ngumu au inayouma, hasa ikibaki hivyo baada ya mgonjwa kugeuzwa. Sehemu hiyo haisuguliwi. Huondolewa uzito, na mgonjwa hupelekwa kituo cha afya kabla ngozi haijafunguka.

Mwaka 1907 Nightingale akawa mwanamke wa kwanza kupewa Nishani ya Order of Merit ya Uingereza. Wakati huo alikuwa kipofu na kumbukumbu zake zilikuwa zimefifia, naye alihudumiwa nyumbani kwake South Street, London. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Familia yake ilitolewa ombi azikwe Westminster Abbey, miongoni mwa watu wakuu wa taifa, lakini ikakataa. Alizikwa pamoja na wazazi wake katika kanisa la St Margaret, kijijini East Wellow, Hampshire, na kwenye mnara wa kaburi jina lake halikuandikwa kwa ukamilifu: ziliwekwa herufi mbili za mwanzo tu, pamoja na tarehe za kuzaliwa na kufa kwake.